AMANA AU DENI? Mizani ya fiqhi kwa anayechagua soko la sarafu za kidijitali

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, swali la sarafu za kidijitali, kama vile Bitcoin na USDT, limekuwa likiulizwa sana na wafanyabiashara na vijana wetu wa Dar es Salaam. Mara nyingi linaulizwa kwa sura moja tu: je, ni halali au ni haramu? Swali hilo ni la lazima, na tutaligusa. Lakini lipo swali jingine ambalo wengi wanalivuka bila kulitazama, nalo ndilo lililowaangamiza watu wengi duniani: yule ninayempa mali yangu anibadilishie na kunitunzia, anaishika kwa hukumu gani? Je, ni amana mikononi mwake, au nimemkopesha pasi na kujua?

Kampuni hizo za kubadilishia sarafu, ambazo katika makala haya tutaziita masoko ya sarafu, zipo mtandaoni tu. Hazina kaunta wala mzee wa duka anayejulikana na mtaa. Mtu anajiandikisha kwa simu, anatuma fedha, anaona tarakimu kwenye kioo, na anaamini kuwa tarakimu ile ni mali yake. Makusudio ya makala haya ni kuonesha kwamba fiqhi yetu ina mizani ya zamani na madhubuti ya kumpima mtu wa namna hii, na kwamba kila soko kubwa lililoanguka lilianguka mahali ambapo wanazuoni walishaweka alama ya hatari.

SARAFU HIZI ZIMEFIKAJE KARIAKOO?

Kariakoo, katika wilaya ya Ilala, ni soko linaloishi kwa bidhaa za nje. Nguo, simu, vyombo na vifaa vya umeme vinatoka China, Uturuki na Dubai, na wanunuzi wanatoka mikoani, Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Biashara ya namna hii haiendi bila fedha za kigeni. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilifanya ukaguzi mkubwa jijini na maduka mengi ya kubadilishia fedha yakafungwa, baada ya ukaguzi kama huo kufanyika Arusha mwishoni mwa 2018. Kisha katika miaka ya 2023 na 2024 dola ikawa adimu nchini. Mwenye duka Mtaa wa Kongo au Msimbazi aliyekuwa akidaiwa na kiwanda cha Guangzhou alijikuta ana shilingi lakini hana cha kulipia.

Katika dhiki hiyo baadhi ya watu walielekea kwenye USDT, sarafu ambayo kampuni ya Tether inaitoa kwa ahadi kwamba kila moja ina thamani ya dola moja ya Marekani. Wengine, hasa vijana, waliingia kwa mlango mwingine kabisa: tamaa ya kununua leo kwa bei ndogo na kuuza kesho kwa bei kubwa. Makundi haya mawili yana nia tofauti, lakini yote yanapita kwenye mlango mmoja, yaani soko la sarafu.

Upande wa serikali, msomaji anapaswa kujua yafuatayo. Novemba 2019 BoT ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu hizo hazitambuliwi na sheria za nchi, na kwamba shilingi ya Tanzania ndiyo fedha halali pekee. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kutoza kodi si sawa na kutoa dhamana. Anayetaka kuingia aiulize BoT na Mamlaka ya Mapato hukumu ya sheria siku hiyo hiyo anayotaka kuingia, kwani kuchunga sheria za nchi katika jambo lisilo maasi ni katika wajibu wa Muislamu, na kwa sababu mtu anayedhulumiwa nje ya sheria hupata tabu kumpata hakimu wa kumlalamikia.

KAULI ZA WANAZUONI KWA UFUPI

Wanazuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Diyanet, mamlaka ya mambo ya dini ya Uturuki, mwaka 2017 ilisema sarafu hizi hazifai. Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuharamisha Bitcoin Januari 2018. Baraza la Ulamaa la Indonesia, Novemba 2021, liliharamisha kuzitumia kama fedha. Kwa upande wa pili, Baraza la Ushauri wa Sharia la Tume ya Dhamana ya Malaysia mwaka 2020 liliona kwamba inajuzu kuziwekeza na kuziuza katika masoko yaliyosajiliwa na tume hiyo. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, chombo cha nchi za Kiislamu, ilipokutana Dubai Novemba 2019 haikutoa hukumu ya kukata, bali iliagiza uchunguzi zaidi.

Hoja za wanaozuia ni gharar, yaani kutojulikana mwisho wa jambo, kupanda na kushuka kwa bei kunakofanana na kamari, na kukosekana mamlaka inayozisimamia. Hoja za wanaoruhusu ni kwamba watu wamezikubali kuwa mali yenye thamani, na asili ya miamala ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuzuia.

Makala haya hayatoi fatwa. Aliyetosheka na kauli ya kuzuia, na aishie hapo, naye amechagua salama. Aliyemfuata mwanazuoni anayeruhusu, basi ajue kwamba ruhusa hiyo ina masharti, na masharti yenyewe hayaihusu sarafu peke yake. Yanamhusu pia anayeibadilisha na anayeitunza. Hapo ndipo tunapofika kwenye visa viwili vya Masahaba.

KISA CHA KWANZA: DINARI MIA ZA MALIK BIN AUS

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Malik bin Aus alikuwa na dinari 100 za dhahabu, akatafuta mtu wa kumbadilishia kwa fedha. Talha bin Ubaydillah (r.a.) akamwita, wakapatana bei. Talha akaichukua dhahabu akawa anaigeuzageuza mkononi, kisha akamwambia asubiri mpaka mtunza hazina wake arudi kutoka Ghaba, mahali palipo nje ya mji wa Madina. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa akisikia. Akaapa kwamba Malik hataachana na Talha mpaka apokee fedha zake, akataja mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba kubadilishana dhahabu na fedha ni riba isipokuwa pawe na toa nikupe, mkono kwa mkono.

Tuzingatie, ndugu zangu. Talha ni nani? Ni mmoja wa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Hakuna aliyetilia shaka uaminifu wake, na mali yake ilikuwa nyingi. Pamoja na hayo Umar hakusema, "Huyu ni Talha, msubiri tu." Uaminifu wa mtu haukuliondoa sharti la kukabidhiana. Basi itakuwaje kwa kampuni ambayo hatumjui mwenyewe, nchi yake wala hazina yake ilipo?

Wanazuoni wanauita muamala huu sarf, na sharti lake ni taqabudh, yaani kila mmoja kupokea chake kabla ya kutengana. Katika zama zetu Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha Machi 1990, ilikubali kwamba kupokea kunaweza pia kuwa kwa hukumu, kama fedha kuingizwa kwenye akaunti ya mteja benki, kwa sababu mteja anakuwa na uwezo wa kuitumia.

Uwezo wa kuitumia ndio moyo wa suala hili. Unaponunua sarafu ndani ya soko la mtandaoni, mara nyingi sarafu yenyewe haihami hata kidogo. Kinachobadilika ni maandishi katika daftari la kampuni: limepunguzwa jina la fulani, limeongezwa lako. Sarafu zenyewe zipo kwenye pochi za kampuni, na funguo za siri za pochi hizo anazo mwenye kampuni. Maandishi yale yana maana ya kupokea maadamu unaweza kuitoa sarafu saa yoyote. Siku mlango wa kutolea unapofungwa, tarakimu inabaki kwenye kioo lakini kupokea kumeondoka.

KISA CHA PILI: HAZINA YA ZUBEIR BIN AWWAM

Zubeir bin Awwam (r.a.), naye ni katika wale kumi, alikuwa akiletewa mali na watu wamwekee. Imepokewa katika Bukhari kwamba alikuwa akikataa kuipokea kama amana, akiwaambia iwe ni mkopo, kwa kuchelea isije ikapotea. Alipouawa baada ya Vita vya Ngamia mwaka 36 Hijria, mwanawe Abdallah akahesabu madeni akakuta ni 2,200,000. Zubeir hakuacha sarafu taslimu. Aliacha ardhi, ikiwemo ya Ghaba, na nyumba katika Madina, Basra, Kufa na Misri. Abdallah akaiuza Ghaba, akalipa madeni, na hakukubali kuwagawia warithi mpaka alipotangaza katika misimu minne ya Hijja kwamba mwenye deni kwa Zubeir na ajitokeze.

Kwa nini Zubeir alikataa amana? Hapa pana fiqhi nzito. Mwenye kushika amana, ikipotea bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Hasara ni ya mwenye mali. Ama aliyekopa, analipa kwa hali yoyote. Kwa hiyo Zubeir alijibebesha mzigo ili mali za watu zisipotee. Naye alipoifanya mkopo, aliwaambia waziwazi, na akawa na mali ya kulipia.

Kwa hiyo kila njia ina faida na hatari yake. Amana inabaki kuwa mali yako, haiwi ya mwenye kuishika, na wadai wake hawana haki nayo. Lakini ikiibwa bila kosa lake, imeibwa kwako. Deni lina dhamana, lakini dhamana hiyo ina thamani kadiri ya mali ya mdaiwa tu. Akifilisika, unapanga foleni pamoja na wadai wengine. La hatari kuliko yote ni kutojua umo katika lipi: kudhani umeweka amana kumbe umekopesha.

Hilo ndilo lililowakuta wateja wa Celsius, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikipokea sarafu na kuahidi faida kwa kila wiki. Ilisimamisha utoaji Juni 2022 ikafilisika mwezi uliofuata. Januari 2023 jaji wa mahakama ya ufilisi mjini New York alihukumu kwamba sarafu zilizowekwa katika akaunti za faida, zenye thamani ya takriban dola bilioni 4.2 katika akaunti zipatazo laki sita, ni mali ya kampuni na si ya wateja, kwa sababu masharti waliyoyakubali yalisema hivyo. Walikuwa wamebonyeza neno la kukubali bila kusoma. Kwa macho ya fiqhi walikuwa wamekopesha, na mkopo wenye sharti la ziada ni riba. Wakapata dhambi ya riba na hasara ya mtaji kwa pamoja.

WALIYOONYA WANAZUONI NA YALIYOTOKEA

Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana katika mwambao wetu wa madhehebu ya Shafii, ameeleza mambo yanayomtoa mshika amana kwenye uaminifu na kumfanya adhamini. Tutaje manne, na tuyaoneshe katika matukio ya zama zetu.

Kwanza, kuitumia amana. FTX, soko lililokuwa na makao Bahamas, lilianguka Novemba 2022. Mahakamani ilithibitika kwamba mabilioni ya dola ya wateja yalikuwa yamepelekwa kwa kampuni ndugu, Alameda Research, yakatumika katika biashara na matumizi mengine. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 Machi 2024. Wateja waliporejeshewa, walihesabiwa kwa thamani ya siku ya kufilisika, ambapo Bitcoin moja ilikuwa chini ya dola 17,000, ilhali Desemba 2024 ilikuwa imepita dola 100,000. Mwenye amana angerudishiwa kitu chake chenyewe. Wao walilipwa kama wadai.

Pili, kuichanganya na mali nyingine hata isiweze kupambanuka. Hilo pia lilikuwa FTX, na ndiyo sababu hakuna mteja aliyeweza kusimama na kusema, "Sarafu hii ni yangu."

Tatu, kuacha kuusia. Mshika amana akipatwa na maradhi ya kuhofiwa, ni wajibu airudishe kwa mwenyewe au kwa wakala wake, au aipeleke kwa kadhi au mtu mwaminifu, au aiusie. Asipofanya, anadhamini. Desemba 2018 mwenye soko la QuadrigaCX la Kanada, Gerald Cotten, alifariki akiwa India, na kampuni ikatangaza kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa na funguo. Baadaye, Juni 2020, Tume ya Dhamana ya Ontario ilieleza katika ripoti yake kwamba lililokuwa nyuma ya hayo ni ulaghai: sehemu kubwa ya mali ilikuwa imekwisha kupotea katika biashara zake mwenyewe za siri. Mauti yalilifunua tu.

Nne, kuchelewesha kurudisha bila udhuru pale mwenyewe anapodai. Mt. Gox ya Tokyo, iliyokuwa soko kubwa la Bitcoin duniani, ilianza kwa wateja kulalamika kwamba utoaji unachelewa. Februari 2014 ikafunga, ikisema Bitcoin zipatazo 850,000 zimepotea, ingawa 200,000 zilipatikana baadaye. Wateja walianza kurudishiwa sehemu ya haki zao Julai 2024, zaidi ya miaka kumi baadaye.

MIZANI YA KUPIMIA SOKO

Kutokana na hayo, anayefuata kauli ya ruhusa apime kwa mambo haya saba kabla ya kutuma hata shilingi elfu kumi.

1. Ajulikane mwenyewe. Ni kampuni ya nani, imesajiliwa nchi gani, na ina leseni ya nani? Asiamini picha ya leseni. Aende kwenye orodha ya mamlaka yenyewe alitafute jina. Na ajue kwamba leseni ya ugenini inamlinda mkazi wa huko kuliko wa Ilala. Tena leseni na ukubwa havitoshi: Binance, soko kubwa kuliko yote, Novemba 2023 ilikiri makosa mbele ya serikali ya Marekani na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4.

2. Masharti yasomwe. Atafute mahali panapoeleza umiliki. Je, imeandikwa kwamba sarafu inabaki kuwa mali ya mteja na imetengwa na mali ya kampuni? Je, kampuni ina ruhusa ya kuikopesha au kuiweka rehani? Asiyejua lugha iliyotumika amtafute anayeijua. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, imekuja kwa ajili ya kuandika madeni. Umma uliofundishwa kuandika haufai kusaini usichokisoma.

3. Ushahidi wa hazina pamoja na madeni. Masoko mengi siku hizi yanatangaza hesabu ya akiba waliyonayo. Kuonesha kasha bila kuonesha unaodaiwa si ushahidi. Mtu anaweza kuwa na milioni kumi mkononi na deni la milioni ishirini. Aulize: hesabu hiyo imekaguliwa na nani, lini, na je, deni la wateja wote limehesabiwa?

4. Ijaribiwe njia ya kutokea kabla ya ya kuingilia. Atume kiasi kidogo, abadilishe, kisha akitoe chote mpaka kirudi mkononi mwake au kwenye simu yake. Soko linalopokea kwa dakika moja na kutoa kwa siku saba, au linalodai ulipe ada nyingine kwanza ili utolewe mali yako, ni la kukimbiwa. Hasa hilo la ada ya kutolea ni alama ya utapeli mtupu.

5. Historia yake siku ya msiba. Wizi unaweza kulifika soko lolote. Februari 2025 Bybit iliibiwa sarafu za takriban dola bilioni 1.5, lakini iliendelea kuwalipa wateja waliotaka kutoa. Tofauti ya soko na soko huonekana hapo. Nani alifunga mlango na nani aliuacha wazi?

6. Aepuke milango ya haramu iliyo ndani ya soko hilo hilo. Masoko haya yanauza pia biashara ya mkopo, ambapo kampuni inakukopesha mara kumi au hamsini ya ulichonacho. Majmaa ya Fiqhi ya Rabita, Makka, Aprili 2006 iliamua kwamba biashara ya namna hiyo haijuzu, kwa riba na madhara yaliyomo. Vivyo hivyo kuuza kwa ahadi sarafu usiyokuwa nayo. Hakim bin Hizam (r.a.) alikatazwa na Mtume (s.a.w.) kuuza asichokimiliki. Na akaunti za kulipwa faida kwa kuweka tu, hukumu yake tumekwisha kuiona kwa Celsius.

7. Katika kubadilishana baina ya mtu na mtu, majlisi isivunjwe. Wengi Kariakoo wanabadilisha kwa njia hii: muuzaji anaweka USDT kwenye ushikizi wa soko, mnunuzi anatuma shilingi kwa M-Pesa au benki, muuzaji anaachia. Muuzaji asiachie kwa kuona meseji, kwani meseji za uongo ni nyingi. Aangalie salio lake mwenyewe. Jina la aliyetuma liwe ndilo jina la aliyepatana naye, asije akapokea mali ya wizi ya mtu wa tatu. Mnunuzi naye asikubali kumalizana nje ya ushikizi kwa kuvutwa na bei nzuri. Wote wawili wabaki mpaka kila mmoja amepokea, wala pasiwe na "nitakumalizia jioni". Hiyo ndiyo ile hazina iliyokwenda Ghaba.

Na USDT yenyewe isidhaniwe kuwa ni dola. Ni ahadi ya kampuni. Oktoba 2021 Tether ilitozwa faini ya dola milioni 41 na mamlaka ya Marekani kwa kutoa maelezo yasiyo ya kweli juu ya akiba yake ya miaka ya nyuma. Kwa hiyo hata baada ya kulipima soko, asikae na USDT zaidi ya haja yake.

UPATU ULIOVIKWA JINA LA SARAFU

Lazima tutenganishe soko lenye kasoro na lile ambalo si soko kabisa. Hapa kwetu tuna kumbukumbu ya DECI, iliyoanza 2007, ambapo watu walihimizwa "kupanda" fedha ili "wavune" zaidi. Serikali iliisimamisha 2009, na mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani jijini Dar es Salaam. Uganda, Desemba 2019, kampuni iliyojiita Dunamiscoins ilifunga ofisi zake na kuwaacha maelfu wakilia. Mwanzoni mwa 2025 polisi wetu waliwakamata watu waliohusishwa na mtandao wa LBL, uliodaiwa kuwalipa watu kwa kutazama matangazo baada ya kuweka fedha.

Alama zao hazibadiliki: faida imepangwa kabla, malipo yanategemea kuwaleta wengine, hakuna bidhaa inayouzwa, na mwalikaji ni ndugu, jirani au muumini wa msikiti mmoja. Hii si khitilafu ya wanazuoni. Ni kula mali za watu kwa batili, na anayemwalika mwenzake anashiriki katika dhulma hata kama naye alidanganywa, maadamu ameshajua.

GHALA SI SOKO

Natija ya yote ni kanuni moja nyepesi: soko ni mahali pa kubadilishia, wala si ghala. Mfanyabiashara anayelipa mzigo aingie, abadilishe, alipe, atoke siku hiyo hiyo. Umar hakumtaka Malik bin Aus amchunguze Talha. Alimtaka asiachane naye mpaka apokee. Kila usiku ambao mali yako inalala kwa mtu usiyemjua, umeichagua mwenyewe hatari ya Mt. Gox na FTX.

Anayeamua kubaki na sarafu, na ayahifadhi mwenyewe maneno ya siri ya pochi yake, 12 au 24, kwa kuyaandika kwenye karatasi, si kwenye simu wala kwa picha, na asimwambie mtu anayejidai kuwa ni huduma kwa wateja. Lakini asisahau wasia. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Sarafu ambayo funguo zake zimezikwa na mwenyewe haitarithiwa na mayatima wake, haitalipa deni lake, wala haitatolewa zaka. Aandike kwamba mali ipo, na njia ya kuifikia aiweke kwa mtu mwaminifu katika bahasha iliyofungwa.

Katika historia ya masoko ya Kiislamu, vitabu vya hisba, kama kile cha Shayzari cha karne ya 12 Miladia, viliwawekea wabadilishaji fedha mlango wao maalumu, na muhtasibu akaamrishwa awakague. Babu zetu hawakuona kwamba kubadilisha fedha ni kazi ya kuachiwa imani peke yake. Leo muhtasibu wa masoko haya bado hajasimama barabara katika nchi yetu. Mpaka atakaposimama, kila mmoja ni muhtasibu wa mali yake, naye ataulizwa Siku ya Kiyama aliichuma wapi na aliitumia katika nini.

Tunamuomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake na atuepushe na haramu yake. Wallahu a'lam.